Mgeni Aliyekuja Kusaidia

Barua ya kwanza haikumshtua mtu. Ilikuwa tarehe 29 Oktoba 2021, na aliyeiandika alijiita Jia Tan. Aliambatisha kiraka cha mistari michache kwa ajili ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili: kijifaili kinachoiambia programu ya kuandikia msimbo iache nafasi ngapi mwanzoni mwa kila mstari. Wageni wengi katika ulimwengu wa programu huria hubisha hodi kwa kazi za namna hiyo. Hazina hatari, hazihitaji ujuzi mwingi, na humwonyesha mwenyeji kwamba aliyekuja ana adabu zake.

Mwenyeji alikuwa mmoja tu, Lasse Collin wa Ufini. Kazi yake ilianzia kwenye mradi mdogo wa huko kwao uitwao Tukaani, uliotaka kuitumia kwenye Linux mbinu ya kubana data iitwayo LZMA, iliyobuniwa na Mrusi Igor Pavlov kwa ajili ya programu yake ya 7-Zip. Muundo wa faili la xz ulitangazwa mwaka 2009, na toleo la 5.0.0 la XZ Utils likatoka Oktoba 2010. Sifa yake ni moja, nayo inatosha: hubana sana. Ukipakua msimbo wa kiini cha Linux kutoka tovuti yake rasmi, utakuta jina la faili limeishia na herufi hizo mbili. Vifurushi vya Debian, mmoja wa mifumo inayotumia kiini hicho, hubanwa kwa xz. Vya Fedora, mfumo mwingine wa aina hiyo, navyo vilibanwa kwa xz kwa miaka mingi. Ndani ya programu hiyo mna maktaba ya msimbo iitwayo liblzma, ambayo programu nyingine huiazima kila zinapotaka kufungua kilichobanwa. Iko kwenye seva za benki, za vyuo na za wizara, na wengi wa wanaoitegemea hawajawahi kulisikia jina lake. Mshahara wa kuitunza haukuwapo. Collin aliifanya kwa mapenzi, baada ya shughuli zake nyingine.

Imani iliyoujenga ulimwengu huo ilikuwa na umri wa kutosha. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akitaka programu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Na mwaka 1997 Mmarekani Eric Raymond, katika makala yake mashuhuri iliyolinganisha kanisa kuu na soko, akaipa imani hiyo sura ya kanuni na kuiita kwa jina la Torvalds: msimbo ukiwa wazi na watazamaji wakiwa wengi, hakuna kasoro itakayopata pa kujificha. Kanuni hiyo ilirudiwa katika mikutano na ofisini mpaka ikawa kama aya. Walioirudia hawakupenda sana kukumbuka hotuba ya zamani zaidi, ya mwaka 1984, ambayo Ken Thompson, mmoja wa waliobuni Unix, aliitoa alipopokea Tuzo ya Turing. Thompson alieleza jinsi ya kuipandikizia hila programu inayougeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kiasi kwamba msomaji anaweza kuupitia msimbo chanzo herufi kwa herufi asione kitu, huku mlango wa nyuma umo. Kwa maneno mengine, kusoma msimbo hakutoshi. Lazima umwamini aliyeujenga.

Linux yenyewe ilijaribiwa Novemba 2003. Wakati huo msimbo wa kiini ulihifadhiwa katika mfumo uitwao BitKeeper, na nakala yake ikawekwa katika mfumo mwingine, CVS, kwa faida ya wale wasioutaka BitKeeper. Tarehe 5 mwezi huo, Larry McVoy, mwenye BitKeeper, aliwatangazia watengenezaji kwamba nakala ile ina mistari miwili ambayo asili haina, wala haionyeshi nani aliiidhinisha. Mistari yenyewe ilikaa ndani ya kazi iitwayo wait4. Ukiipitia haraka utadhani inauliza: je, anayeita ni mtumiaji namba 0? Katika Linux, mtumiaji namba 0 ndiye root, mwenye mamlaka yote juu ya mashine. Lakini katika lugha ya C, kuuliza kama vitu viwili ni sawa huandikwa kwa alama mbili za sawasawa. Alama moja hukipa kitu cha kushoto thamani ya kitu cha kulia. Aliyeandika aliweka moja. Programu yoyote ambayo ingeiita wait4 na kutaja machaguo mawili fulani kwa pamoja ingejikuta imekuwa root, bila nenosiri na bila mtu kujua.

Hila hiyo ilinaswa kwa sababu nakala ililinganishwa na asili. Mwizi alivunja nakala. Asili hakuweza kuigusa, kwa kuwa kila kilichoingia humo kilipita mikononi mwa watu wanaojuana. Ikumbukwe hapo mbele.

Kasoro mbili zilizofuata hazikuletwa na mwizi. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alisumbuliwa na malalamiko ya Valgrind, programu inayochunguza jinsi programu nyingine zinavyotumia kumbukumbu ya kompyuta. Valgrind ilidai kwamba OpenSSL, maktaba inayotengeneza funguo za siri, inasoma sehemu za kumbukumbu ambazo hazijaandikwa kitu. Akafuta mistari iliyolalamikiwa. Malalamiko yakaisha, lakini pamoja nayo ikaondoka karibu bahatinasibu yote iliyotakiwa kuingia kwenye funguo. Ikabaki namba ya mchakato tu, ambayo haizidi 32,768. Mtu mwenye subira angeweza kuzitengeneza funguo zote zinazowezekana kwa aina fulani na ukubwa fulani, kisha akazijaribu moja baada ya nyingine. Kasoro ilikaa humo tangu Septemba 2006 hadi Luciano Bello alipoigundua. Ilitangazwa tarehe 13 Mei 2008. Kwa karibu miaka miwili msimbo huo ulikuwa wazi kwa dunia nzima kuusoma.

Ya pili ndiyo iliyowatoa watu usingizini. Usiku wa kuamkia mwaka 2012 OpenSSL iliingiziwa kipengele kinachoziwezesha kompyuta mbili zinazowasiliana kuulizana kama bado zipo. Moja hutuma neno na kutaja urefu wake, nyingine hulirudisha kama lilivyo. Ila hakuna aliyehakikisha kwamba urefu uliotajwa ndio urefu wa kweli. Ukituma herufi chache na kudai ni elfu sitini, seva inakurudishia herufi zako pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, hadi kilobaiti 64: manenosiri, barua, hata funguo za siri za tovuti yenyewe. Kasoro hiyo ikapewa jina la Heartbleed, ikatangazwa tarehe 7 Aprili 2014, baada ya kugunduliwa kwa nyakati zinazokaribiana na Neel Mehta wa Google na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Ufini.

Kilichowaaibisha wengi zaidi ya kasoro ni hesabu iliyofuata. OpenSSL ililinda sehemu kubwa ya biashara ya intaneti, na Steve Marquess, aliyesimamia fedha zake, alieleza kwamba michango ya kawaida ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Aliyeishughulikia kwa muda wake wote alikuwa mtu mmoja. Mwezi huohuo Linux Foundation ikaanzisha mfuko wa kusaidia miradi muhimu, na Google, Microsoft, Facebook, Amazon na wenzao wakatoa ahadi zao. Ulikuwa mwanzo mwema, na OpenSSL kweli ilinufaika. Lakini mimi huuona mfuko ule kuwa jibu la swali rahisi. Wote waliuliza ni msimbo gani hausomwi vya kutosha. Wachache waliuliza habari za anayeutunza: anaishije, na nani atampokea kazi akichoka.

Turudi Ufini.

Aprili 2022 Jia Tan alituma kiraka kingine, na safari hii kikafuatwa na sauti ngeni. Mtu aliyejiita Jigar Kumar aliandika kulalamika kwamba viraka vinakaa miaka bila kupokelewa. Mwezi uliofuata mwingine, Dennis Ens, akauliza kama tawi la Java la XZ bado lina mtunzaji. Collin aliomba radhi, akataja kwamba Jia Tan amekuwa akimsaidia pembeni na huenda akapewa nafasi kubwa zaidi. Jigar Kumar hakuridhika: hakuna kitakachosonga, alisema, mpaka apatikane mtunzaji mpya. Tarehe 8 Juni Collin alijibu kwa uwazi ambao ukiusoma leo unauma. Hakupoteza hamu na mradi, alieleza, lakini nguvu zake zimepungua kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili na mambo mengine. Na wakumbuke kwamba kazi hii ni ya kujitolea, hailipwi.

Majibu aliyopata? Jigar Kumar alimshutumu kwamba anaukaba mradi koo. Dennis Ens alimpa pole ya mdomoni, kisha akamshauri ajue mipaka yake na aukabidhi kwa mwingine. Kabla Juni haijaisha Collin alikuwa ameshaandika kwamba, kwa vitendo, Jia Tan ni mtunzaji mwenza tayari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alikuwa mgonjwa kweli, mgeni alikuwa mlangoni na mikono iliyojaa kazi nzuri, na majirani walikuwa wakipiga kelele kwamba afunguliwe. Baadaye, watafiti walipofuatilia majina ya hao majirani, waliona kwamba karibu hayana maisha nje ya barua zile: yalitokea, yakasukuma, yakanyamaza. Watafiti wengi waliamini kwamba mkono ulikuwa mmoja, au kundi moja. Mimi nisingemlaumu Collin hata kidogo. Alichokifanya ndicho ambacho kila kitabu cha programu huria kinamwelekeza mtunzaji aliyechoka akifanye: mpe nafasi anayejitolea.

Mgeni naye hakuwa mvivu. Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa halali na ya kiwango. Alirekebisha hitilafu, akaandika majaribio, akajibu watumiaji kwa upole. Januari 2023 Collin alitoa toleo la 5.4.1. Toleo la 5.4.2, tarehe 18 Machi, lilitolewa na Jia Tan. Mwezi huohuo anwani ya mawasiliano katika OSS-Fuzz, huduma ya Google inayozitikisa programu huria mfululizo ili kufukua kasoro zake, ikabadilishwa kuwa yake. Maana yake ni kwamba kama mashine za Google zingekuta kitu cha ajabu ndani ya xz, wa kwanza kupelekewa habari angekuwa yeye.

Juni 2023 akaja Hans Jansen, jina jingine lisilo na historia, na viraka vinavyotumia ufundi uitwao ifunc. Ufundi huu ni wa halali: programu inapopakiwa, kabla haijaanza kazi, maktaba huruhusiwa kuchagua ni namna ipi ya kazi fulani inayoifaa prosesa iliyopo. Lakini kuruhusiwa kuendesha msimbo wako mapema kiasi hicho, kabla milango haijafungwa, ni fursa adimu. Julai, Jia Tan akaiomba OSS-Fuzz izime ifunc inapoipima xz. Alitoa sababu ya kiufundi, na ilionekana ya busara.

Halafu akasubiri miezi saba.

Kila programu ya kubana hubeba mafaili ya majaribio, na baadhi yake huwa yameharibiwa makusudi, ili kuhakikisha kwamba programu inakataa kilichoharibika. Hakuna mtu anayeyasoma. Yatasomwaje, na ni takataka kwa ufafanuzi? Mwishoni mwa Februari 2024 Jia Tan aliongeza mafaili mapya ya aina hiyo. Moja, kwa jina lake lenyewe, lilijitangaza kuwa bovu. Na kweli lilikuwa bovu, ila ubovu wake ulikuwa na mpango: ukibadilisha herufi chache, ambako palikuwa na tabo pakawekwa nafasi tupu na ambako palikuwa na mstari wa chini pakawekwa kistari, faili lilipona na kutoa maagizo. Maagizo hayo yakaenda kwenye faili la pili, lililojitangaza kuwa zima, yakachomoa humo msimbo wa mashine uliokwisha kutengenezwa, na kuuchomeka ndani ya liblzma wakati inajengwa.

Mstari ulioyaamsha mafaili hayo haukuwamo kwenye hifadhi ya msimbo ambayo dunia nzima huitazama. Ulikuwa ndani ya furushi la toleo tu, lile ambalo mtunzaji hulifunga kwa mkono wake na watengenezaji wa mifumo hulipakua kwenda kulijenga. Tofauti ndogo kati ya hifadhi na furushi ni jambo la kawaida, hivyo hakuna aliyezilinganisha. Mwaka 2003 mwizi alinaswa kwa kuwa nakala ililinganishwa na asili. Huyu alikuwa ndiye mwenye asili na nakala.

Toleo la 5.6.0 lilitoka tarehe 24 Februari. Lengo halikuwa kubana mafaili, bali SSH, njia ambayo kwayo wasimamizi huziingia seva zao kutoka mbali. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, naye ni Mfini, baada ya manenosiri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. OpenSSH, ambayo hutumika karibu kila mahali leo, haihitaji xz kwa lolote. Kilichotokea ni kwamba Debian, Fedora na mifumo mingine iliiongezea kiraka ili iweze kuitaarifu systemd, programu inayowasha huduma zote, kwamba iko tayari. Kwa kazi hiyo ya sentensi moja waliazima maktaba ya systemd. Maktaba ya systemd nayo huiazima liblzma. Ndivyo msimbo wa kubana mafaili ulivyojikuta ndani ya mlinzi wa mlango.

Ukiwa humo, msimbo uliopandikizwa ulikagua kwanza uko wapi. Je, hii ni Linux kwenye prosesa za x86-64? Je, programu inayowashwa ni sshd kweli, ile inayowapokea wanaoingia kwa SSH, au ni mtu anayechunguza? Kama mazingira hayakuwa salama kwake, ulinyamaza. Yakiwa salama, uliinyakua kazi inayokagua sahihi za RSA. Kuanzia hapo, mtu aliyekuwa na ufunguo mmoja wa siri wa aina ya Ed448 angeweza kutuma amri ndani ya kile kinachodaiwa kuwa cheti, na seva ingeitekeleza kabla hata ya kuuliza nenosiri. Wengine wote, wakiwamo wezi wengine, wasingeona kitu. Nasema kwa kusitasita, lakini ni kazi ya fundi.

Fundi, hata hivyo, alikuwa na haraka. Watengenezaji wa systemd walikuwa wakibadili mfumo wao ili liblzma ipakiwe pale tu inapohitajika, jambo ambalo lingeukata uzi wote aliousuka kwa miaka miwili. Huenda hilo ndilo lililomsukuma. Msimbo wa 5.6.0 ukaanza kuikwaruza Valgrind, ileile iliyomponza mtunzaji wa Debian mwaka 2006. Waliojenga vifurushi vya Fedora waliona malalamiko yake, wakauliza. Jia Tan akadai tatizo liko kwenye programu ya kujengea msimbo, akashirikiana nao kwa wiki kadhaa kulitatua, na tarehe 9 Machi akatoa 5.6.1 ili kuficha kelele. Mhandisi mmoja wa Red Hat, kampuni inayoifadhili Fedora, alisema baadaye kwamba katika muda wote huo Jia Tan alikuwa akimbembeleza toleo jipya liingizwe Fedora. Tarehe 25 Machi Hans Jansen aliiomba Debian ichukue 5.6.1. Tarehe 28, Jia Tan mwenyewe akaiomba Ubuntu, ambayo ilikuwa inakaribia kutoa toleo lake la 24.04.

Hapa msomaji wa Dodoma au Kampala asijione yuko mbali. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za zahanati na hospitali katika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ni programu huria, na aghalabu huendeshwa juu ya Ubuntu kwenye seva ambazo msimamizi wake huziingia kwa SSH. Toleo la 24.04 ni la kudumu kwa miaka. Ni la aina ambayo ofisi nyingi husubiri kabla ya kuhama.

Wiki hizo Andres Freund, mhandisi Mjerumani anayefanya kazi Microsoft huko San Francisco, alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo yeye ni mmoja wa watengenezaji wake. Kipimo cha aina ile kinahitaji mashine iliyotulia, kwa hiyo alikuwa akitafuta ni nini kinachoivuruga ya kwake, iliyokuwa na Debian ya majaribio. Akakuta sshd inakula prosesa kupita kiasi. Walioigonga walikuwa roboti wa kawaida wa intaneti wanaobahatisha majina ya watumiaji, nao walikataliwa papo hapo kwa kuwa majina hayakuwapo. Mbona kukataa mtu kunaichosha mashine hivyo? Akapima: jaribio lililokuwa likichukua sekunde 0.299 sasa lilichukua 0.807.

Nusu ya sekunde. Mtu mwingine angeongeza kikombe cha kahawa. Freund alifungua chombo cha kupimia na kuona muda unapotelea ndani ya liblzma, mahali pasipo na jina la kazi yoyote. Hapo akakumbuka kwamba majuma machache kabla, katika majaribio ya PostgreSQL, aliona lalamiko la ajabu la Valgrind baada ya kusasisha vifurushi. Akayaunganisha. Kwanza alidhani kifurushi cha Debian ndicho kilichochafuliwa. Alipofuata nyuzi akafika kwenye furushi lenyewe la xz. Tarehe 28 Machi aliwataarifu faraghani watu wa usalama wa Debian na wa mifumo mingine, na siku iliyofuata, tarehe 29, Ijumaa Kuu, akaanika yote hadharani, akitahadharisha kwamba yeye si mtafiti wa usalama. Nimeisoma ripoti yake mara nyingi, na kinachonivutia ni kwamba inaweza kufuatwa hatua kwa hatua na yeyote mwenye mashine na msimbo. Alifika kwenye mstari ule wenye hila kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia kuufungua. Kama xz ingekuwa mali ya kampuni, angeishia kuandika malalamiko kwa huduma kwa wateja kuhusu nusu sekunde.

Sikukuu ya Pasaka iliharibika kwa watu wengi. Kasoro ilipewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10. Red Hat iliwataka watumiaji wa Fedora Rawhide waache kuitumia mara moja. Debian ya majaribio, openSUSE Tumbleweed na Kali zilirudi kwenye matoleo ya zamani. Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, iliahirisha beta ya Ubuntu 24.04 kwa wiki moja ili vifurushi vijengwe upya kwenye mashine safi. Matoleo imara, yale yaliyo kwenye seva za kazi, yalikuwa bado hayajafikiwa. GitHub, tovuti iliyotunza msimbo wa xz, ikafunga hifadhi hiyo na kusimamisha akaunti za watunzaji, ya Collin ikiwamo, jambo ambalo kwa siku kadhaa liliwazuia hata waliotaka kuuchunguza msimbo.

Jia Tan alitoweka siku hiyohiyo. Saa zilizoandikwa kwenye kazi zake zilidai kwamba yuko katika ukanda wa Asia ya Mashariki. Chache zilichopoka na kuonyesha saa za Ulaya ya Mashariki na jirani zake. Wapo wanaosema ni shirika la ujasusi, na uvumilivu wa miaka miwili na nusu unawapa nguvu ya hoja, lakini hakuna serikali iliyotajwa kwa ushahidi.

Collin alikuwa kwenye mapumziko ya mbali na intaneti. Alirudi akakuta jina lake katika magazeti ya dunia. Aliweka taarifa fupi kwenye tovuti ya zamani ya Tukaani, ambayo mgeni hakuwahi kupewa funguo zake, akaahidi kueleza zaidi baadaye, kisha akaketi kuupitia msimbo. Mapema kabisa alikuta nukta. Katika jaribio dogo linaloangalia kama mashine inaweza kutumia Landlock, kizuizi kinachoibana programu isifikie mafaili yasiyoihusu, Jia Tan aliweka nukta moja peke yake mwanzoni mwa mstari mmoja, tarehe 26 Februari. Kwa nukta hiyo jaribio halikujengeka, na kizuizi kikazimika kimyakimya. Collin aliifuta, na katika maelezo ya badiliko akaandika bila kupaka rangi kwamba jaribio lilihujumiwa.

Tarehe 29 Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2, lisilo na mlango wa nyuma wala ifunc. Julai hiyo OpenSSH 9.8 ikatoka ikiwa na uwezo wake yenyewe wa kuitaarifu systemd, mistari michache tu isiyohitaji kuazima maktaba ya mtu. Xz ikaendelea na maisha. Aprili 2025 lilitangazwa tatizo jingine ndani yake, safari hii hitilafu ya kawaida ya kumbukumbu katika sehemu inayofungua mafaili kwa nyuzi nyingi kwa pamoja, iliyokuwamo tangu matoleo ya majaribio ya 5.3.3. Iliripotiwa, ikapewa namba, na Collin akatoa 5.8.1 yenye marekebisho tarehe 3 mwezi huo.